Fundi akimaliza haraka, kwa nini tunaona ametuibia? Tujadili namna tunavyopima thamani ya kazi na bidhaa

#1 Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalileta tulijadili kwa utulivu.

Mimi ni fundi cherehani. Kushona nguo mpya hakuniletei ugomvi na wateja. Ugomvi uko kwenye kurekebisha. Mtu analeta koti, mabega yamempita, anataka yapungue. Kwa macho ni jambo dogo. Sasa lifungue koti lenyewe: unafumua bitana kwa ndani, unang'oa mkono mzima, unatoa pedi ya bega, unachora upya mviringo wa kwapa kwa chaki, unakata. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa, hakirudi. Halafu mkono uleule unaurudisha kwenye tundu ambalo umeshalibadilisha, na kichwa cha mkono wa koti huwa ni kipana kuliko tundu lake. Ile ziada unaigawa kidogo kidogo kwa sindano ya mkono mpaka iingie yote bila mkunjo hata mmoja. Ukikosea, mtu akiinua mkono koti zima linapanda naye. Ukipatia, hakuna anayeona chochote, koti limetulia kama lilivyotoka kiwandani.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mteja anavaa, anajitazama kwenye kioo, anasema: "Kumbe ni kupunguza tu? Mbona bei yote hiyo?"

Maoni yangu ni haya: wengi wetu tunalipia dalili za kazi. Jasho, muda, kelele za mashine, vumbi. Fundi aliyehangaika kutwa nzima tunamwonea huruma, tena tunamwongezea. Aliyemaliza mapema kwa kuwa anaijua kazi yake tunamdai atupunguzie. Maana yake kadiri mtu anavyobobea ndivyo tunavyomwadhibu.

Msidhani ni manung'uniko yangu tu. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Justin Kruger na wenzake walichapisha utafiti ambao ndani yake watu walipewa shairi moja walisome. Wengine waliambiwa mshairi alitumia saa 4 kuliandika, wengine saa 18. Shairi ni lilelile, neno kwa neno. Walioambiwa saa 18 waliliona bora zaidi na wakalikadiria bei kubwa zaidi. Ryan Buell na Michael Norton nao mwaka 2011 walionyesha jambo la namna hiyo kwenye tovuti za kutafuta safari: tovuti ikionyesha kwenye skrini kwamba sasa inapekua shirika hili, sasa lile, watu waliithamini kuliko iliyotoa majibu yaleyale papo hapo. Yaani mtu yuko radhi asubiri, mradi aone kuna kinachohangaika kwa ajili yake.

Kuna kesi moja ambayo kila fundi angepaswa kuijua. Mwaka 1877 mhakiki wa sanaa John Ruskin aliandika kwamba mchoraji James Whistler ni kama amewarushia watu kopo la rangi usoni, kisha anadai gini 200, fedha ya zamani ya Uingereza. Whistler akaenda mahakamani London, kesi ikasikilizwa Novemba 1878. Wakili wa upande wa Ruskin akamuuliza alitumia muda gani kuchora ile picha. Jibu lilikuwa kama siku mbili hivi. Wakili akambana: kwa hiyo kazi ya siku mbili ndiyo unaidai gini 200? Whistler akajibu kwamba hapana, anazidai kwa ujuzi alioupata katika kazi ya maisha yake yote.

Watu mahakamani walimpigia makofi. Kesi akashinda. Fidia aliyopewa ni robo ya peni moja. Gharama za kesi zikamwelemea na mwaka uliofuata akafilisika. Kwa hiyo hata waliokubali kwamba alikosewa hawakuona kuwa kilichokosewa kina thamani yoyote.

Nyie wenzangu mnapimaje? Mkiambiwa bei, mnaangalia nini kwanza?

#2 Mchangiaji

Mleta mada, nimekusoma mpaka mwisho na heshima yako iko palepale. Ila sisi wateja umetuonea.

Mimi nikileta koti sijui kilichomo ndani yake, na ndiyo maana nimekuja kwako. Nimeshalipa bei kubwa kwa mtu aliyejiita bingwa, kazi ikaharibika ndani ya mwezi. Nimeshalipa kidogo kwa kijana asiyejulikana, kazi inadumu mpaka leo. Sasa unataka nipime kwa kitu gani? Muda ninauona. Jasho ninaliona. Ujuzi siuoni. Napima kwa ninachokiona kwa sababu sina kingine.

Na wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama kazi yako ni nzuri, watu watakuja tu bila wewe kulalamika.

#3 Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ni nzito na sitairuka. Umesema kitu ambacho George Akerlof alikiandika mwaka 1970 kuhusu magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akapewa Nobeli ya uchumi pamoja na Spence na Stiglitz. Muuzaji anajua gari lake ni zima au bovu. Mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, anatoa bei ya katikati, ya kujihami. Mwenye gari zima akiona bei hiyo haimlipi, analiondoa sokoni. Mwenye bovu anabaki, maana kwake hiyo ni bahati. Mnunuzi akishtuka kwamba yaliyobaki mengi ni mabovu, anashusha bei tena, na wenye mazima wengine wanaondoka.

Kwa hiyo hiyo methali uliyoileta naikubali nusu. Kizuri chajiuza pale mnunuzi anapoweza kukijua. Asipoweza, kizuri kinaondoka sokoni kimya kimya, kibaya kinabaki na kelele zake. Nimeona mafundi wazuri wakiacha kazi hii na kwenda kutafuta kitu kingine, na aliyekosa mwishowe ni mteja.

Sasa ufanye nini? Mtu akikutajia bei, mwulize mambo ambayo mbabaishaji hana majibu yake. Ni sehemu gani ya kazi hii inaweza kuharibika? Ikiharibika, hasara ni ya nani? Nikirudi baada ya mwezi imefumuka utanifanyia nini? Fundi wa kweli atakutajia hatari kabla hujamwuliza, kwa sababu zimeshamtokea mbele ya macho yake. Mbabaishaji atakwambia "usijali, hiyo ndogo".

Na dhamana ndiyo kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Anayejua kazi yake itadumu hapati tabu kuahidi kuirudia bure. Kwa anayelipua kazi, ahadi hiyohiyo inamla.

#4 Mchangiaji

Naandika programu za kompyuta, na hili la kazi isiyoonekana huku kwetu lina mfano mkubwa.

Kuna programu inaitwa OpenSSL. Kazi yake ni kufunga mawasiliano kwa siri baina ya kompyuta yako na tovuti unayotumia, ili nenosiri lako lisisomwe njiani. Sehemu kubwa sana ya intaneti ilikuwa inaitegemea, benki na maduka ya mtandaoni yakiwemo. Ni ya bure. Tarehe 7 Aprili 2014 ikatangazwa kuwa ina tundu, wakaliita Heartbleed. Mtu angeweza kuivuta kumbukumbu ya seva, yaani kompyuta inayohudumia tovuti, kidogo kidogo na kusoma asichostahili. Tundu hilo lilikuwamo tangu toleo lililotoka Machi 2012.

Watu walipochunguza nani anaitunza programu hii ambayo dunia nzima imeegemea, wakakuta aliyeajiriwa kwa muda wote ni mtu mmoja, na michango inayoingia ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Kampuni tajiri kupita zote zilikuwa zinaitumia kila sekunde. Fedha zikaja baada ya aibu: mwezi uleule Linux Foundation, taasisi inayosimamia programu za bure, ilianzisha mfuko, na kampuni kama Google, Facebook, Microsoft na IBM zikaahidi kila moja dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka 3.

Kwa hiyo mleta uzi, tatizo lako la bega la koti ndilo hilihili. Kazi ya kuzuia ubaya usitokee haina picha ya kuonyesha. Ukiifanya vizuri, siku inapita kama jana. Nani atalipia siku iliyopita kama jana?

#5 Mchangiaji

Wote mnasahau kitu kimoja. Soko halina huruma na wala halina deni na jasho la mtu.

Mchumi Adam Smith aliuliza swali hili mwaka 1776: maji yana faida kuliko kitu chochote na bei yake karibu haipo, almasi haina matumizi ya maana na bei yake iko juu. Ilipita karibu karne nzima kabla ya jibu la kuridhisha. Wachumi Jevons huko Uingereza na Menger huko Austria mwaka 1871, na Walras mwaka 1874, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba hatununui "maji yote" au "almasi zote". Tunanunua kipande kimoja zaidi. Mwenye maji tele, ndoo moja zaidi haimwongezei kitu. Mwenye kiu jangwani angetoa almasi apewe kikombe.

Angalieni alumini. Mwaka 1884 walipomaliza mnara wa Washington kule Marekani, kilele chake walikivika kipande cha alumini chenye uzito wa karibu kilo 3, kwa kuwa zamani zile ilikuwa ni madini ya fahari, bei yake ikikaribiana na ya madini ya fedha. Miaka miwili baadaye, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, vijana wasiojuana, kila mmoja akagundua jinsi ya kuitenga kwa umeme. Bei ikaporomoka. Alumini yenyewe haikubadilika hata chembe.

Kwa hiyo fundi, hata ujuzi wako wa maisha yote, wakija mafundi mia wanaoujua, bei itashuka. Si dhuluma, ndivyo mambo yalivyo.

#6 Mleta uzi

Ndugu yangu, umeeleza vizuri na kuhusu bei sikubishii. Ila bei na thamani umevifanya kitu kimoja.

Bei inaniambia ni wangapi wanakitaka na kipo kiasi gani. Hainiambii kama mwenye kutaka amejua anachokitaka. Carolyn Davidson alikuwa mwanafunzi mwaka 1971 alipochora ile alama ya Nike. Alilipwa dola 35, kwa hesabu ya dola 2 kwa saa. Hakuna aliyemdhulumu kwa sheria ya soko, walikubaliana. Lakini bei ile ilipima saa alizokaa mezani na haikupima kitu kingine chochote. Kampuni yenyewe iliona hivyo, maana mwaka 1983 ilimwita ikampa pete na hisa. Hakuna mkataba uliowalazimisha. Mtu anarudi kulipa deni ambalo soko lilishasema halipo, na mimi nalitazama hilo kwa heshima kubwa.

Halafu watu wenyewe hawakubaliani na soko lako. Mwaka 1986 watafiti Kahneman, Knetsch na Thaler waliwauliza watu huko Kanada: duka linauza koleo za kuondolea theluji kwa dola 15, dhoruba kubwa ya theluji ikapiga, kesho yake asubuhi bei ikawa dola 20. Ni haki? Asilimia 82 walisema si haki. Kwa nadharia yako hakuna tatizo lolote, mahitaji yamepanda na bei imepanda. Ila mnunuzi ana daftari lingine kichwani, anaandika kama ametendewa utu au ametumiwa shida yake. Mwenye duka akilipuuza daftari hilo anapata dola 5 leo na kumpoteza mteja kesho.

Nami kwa uadilifu niwaambie mafundi wenzangu: sisi wauzaji pia tunajidanganya. Watafiti haohao watatu, mwaka 1990, walichapisha majaribio ya vikombe. Nusu ya wanafunzi walipewa kikombe, nusu hawakupewa, kisha wakaambiwa wauziane. Wenye vikombe walidai takriban mara mbili ya kile wasio navyo walichokuwa tayari kutoa. Walikuwa wamevimiliki kwa muda mfupi tu. Sasa mimi niliyekaa na koti siku nzima, nikalichoma sindano kwa mikono yangu, nitaliona la bei gani? Ndiyo maana bei naitaja kabla sijaanza, na sipandishi baadaye kwa kisingizio kwamba kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani.

#7 Mchangiaji

Samahani kaka zangu, naomba niingie. Mmezungumza koti, programu, almasi. Kazi kubwa kuliko zote hamjaitaja.

Nimelea watoto watatu na kumwuguza mama mkwe wangu mpaka alipofariki. Kumgeuza kitandani usiku asipate vidonda, kumwogesha, kujua kwa macho tu kwamba leo homa inakuja. Wakati ule nilijaza fomu fulani, pale penye "kazi" yule aliyenihudumia akaniandikia "hana".

Mchumi Pigou aliliona hili zamani, mwaka 1920. Alisema mwanamume akimwoa mfanyakazi wake wa ndani, pato la taifa linapungua. Sakafu inafagiliwa vilevile, chakula kinapikwa vilevile, ila mshahara umeondoka, kwa hiyo kwenye vitabu kazi imetoweka. Mpaka leo kanuni za kimataifa za kukokotoa pato la taifa haziihesabu kazi ya nyumbani isiyolipwa.

Kule Iceland wanawake walichoka. Tarehe 24 Oktoba 1975 takriban asilimia 90 yao waliacha kazi zote kwa siku moja, za ofisini na za nyumbani. Shule na viwanda vikafungwa, akina baba wakaenda kazini wakiwa wameshika watoto mkono. Mwaka uliofuata bunge lao likapitisha sheria ya usawa wa wanawake na wanaume. Siku moja tu.

Ndugu wa #5, hilo soko lako lingempa mama mkwe wangu nini?

#8 Mchangiaji (wa #5)

Dada, kwa hilo sina jibu. Pole kwa msiba, na asante kwa kuliweka wazi namna hiyo.

#9 Mchangiaji

Mimi swali langu ni dogo. Nina koti la sufu, bitana yote imechanika na bega moja limelegea. Fundi kanitajia bei inayokaribia koti jipya. Sasa hapo kuna akili kweli? Kwa nini kurekebisha kuwe ghali sawa na kununua?

#10 Mleta uzi

Dada wa #7, maneno yako nimeyasoma mara mbili. Kumwuguza mgonjwa ukaijua homa yake kwa macho ni ujuzi, na ulistahili kuandikwa kwenye ile fomu. Nakushukuru.

Wa #9, swali lako si dogo, na jibu lake wachumi wanalo. William Baumol na William Bowen walikuwa wanachunguza gharama za sanaa za jukwaani mwaka 1966. Wakaona kwamba wapigaji wanne wa muziki wa enzi za Beethoven, mtunzi wa miaka mia mbili hivi iliyopita, leo bado wanahitajika wanne na muda uleule. Hakuna mashine ya kuwafanya wapige wimbo ule kwa nusu ya muda ukabaki wimbo. Lakini kiwandani, saa moja ya mtu inatoa bidhaa nyingi mara kadhaa kuliko zamani. Mishahara ya viwandani ikipanda, ya wanamuziki nayo lazima ipande kidogo, la sivyo wote watahamia huko. Kwa hiyo kazi ya mkono inaonekana inazidi kuwa ghali, kumbe ni vitu vya kiwandani vilivyozidi kuwa rahisi.

Koti lako likiwa kiwandani lilipita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja na mshono wake mmoja, mamia kwa siku. Likija kwangu ni moja, halifanani na la jana, na kabla ya kushona lazima nifumue. Kufumua pekee kiwanda hakina. Fundi wako huenda hajakuonea hata kidogo.

Kama linafaa kurekebishwa, utajua mwenyewe kabla ya kumlipa mtu. Ligeuze ndani nje. Pale bitana ilipochanika chungulia kitambaa cha mbele, kwenye kifua: kama kati ya sufu na bitana kuna kitambaa kingine kigumu kidogo kilichoshikizwa kwa nyuzi tu, unakisikia kinateleza ukikisugua kwa vidole, koti hilo lilitengenezwa kwa mikono ya mtu aliyejali, na litakuvusha miaka mingi ukibadilisha bitana. Kama vimegandishwa kwa gundi na tayari kuna mapovu kwa nje, usitumie pesa kubwa. Kisha tazama kwenye mshono wa mgongo na wa ubavuni kama kuna akiba ya kitambaa, upana wa kidole au zaidi. Lishike mbele ya dirisha, mwanga upite kwenye viwiko na chini ya kola. Ukiona nuru inapenya, sufu imeliwa, na hakuna bitana itakayolirudisha.

Halafu nenda kwa yule fundi, mwonyeshe ulichokiona, mwulize atalifungulia wapi. Akikueleza kwa mpangilio, mkono upi unatoka kwanza na kwa nini, bei yake ni halali.

#11 Mchangiaji (wa #9)

Nimeligeuza sasa hivi. Kinateleza. Viwiko vizima, ila chini ya kola kuna sehemu moja nyembamba, kama ukubwa wa ukucha.

#12 Mleta uzi

Hapo chini ya kola hapaonekani ukilivaa. Mwambie fundi akate kipande kwenye akiba ya mshono wa ubavuni, aweke kiraka kwa nyuma na kukishikiza kwa mkono. Hiyo atakutoza mbali na bitana. Mlipe.